Kamba ya Kuanikia

Wengine waliolewa na makarani, na mabaharia, na walevi.
Mimi, Grizel, niliolewa na mtu wa kulala chali.

Sifanyi mzaha. Ndivyo walivyopiga wale wa masafa marefu:
mgongo nyasini, miguu imepandana,
mtutu juu ya kiatu
kama mtoto aliyepitiwa na usingizi.
Yadi elfu moja. Huko mbele bamba la chuma
lililopakwa chokaa, dogo kuliko ukucha.

Lachlan Gilfillan, fundi saa wa Crieff.
Mchana alifungua matumbo ya saa za watu,
usiku alipima baruti kwenye mizani yangu ya unga,
punje tisini, si tisini na moja,
amebana pumzi isipeperuke hata moja.
Mikate yangu ya mwaka ule ilinuka kiberiti.

Upepo aliusoma kwa uso wa saa.
"Leo unatoka kwenye namba tisa, Grizel. Hafifu."
Nami, kinywa kimejaa vibanio:
"Tazama shuka. Pindo la chini linakwenda kwingine."
Akatazama. Akanyamaza. Akatafuta kalamu.
Kumbe upepo una ghorofa, kama nyumba za Edinburgh,
na kila ghorofa ina mpangaji wake.
Tangu siku ile sikuanika nguo peke yangu.

Akasafiri.
Wimbledon kila Julai, mji wa mahema, supu ya maji matupu,
mabwana wenye ndevu wakinuniana kwa unene wa unywele.
Dublin, ufukweni, mchanga hadi ndani ya soksi.
Kisha New York: siku kumi na moja melini
akitapika kwa adabu ndani ya kofia yake.

Kule, aliniandikia, jua linachemsha hewa
mpaka shabaha inaogelea.
Unalenga pale unapoiona, ukijua haipo.
Risasi ya mwisho. Bendera zote zilisema kushoto.
Lakini kwenye darubini, nyuma kabisa ya tuta,
palikuwa na shamba, na kamba,
na soksi nyekundu za mtu asiyenijua. Zilisema kulia.
*Nikaziamini soksi.*
Kisahani cheupe kikapanda.

Kikombe kile cha fedha ndicho ninachowekea vifungo.

Hakuwahi kuua hata sungura.
Walikula kabichi zetu mchana kweupe,
naye kasimama mlangoni, mikono mfukoni.
"Hawana duara," alisema.

Rab Wedderburn alijifunza kwake, kijana wa duka,
vidole vyepesi, pumzi ndefu.
Karne ilipogeuka akaenda vitani, kusini mwa Afrika,
ikaja barua moja ya penseli:
*Mzee, yadi mia nane, upepo namba tatu.
Nilifanya kama ulivyonifundisha.
Hapakuwa na wa kuinua kisahani.
Kofia ilianguka tu.*

Lachlan aliisoma amesimama.
Kisha akaketi, akaisoma tena kwa kile kioo cha jicho moja,
kana kwamba kosa liko kwenye gurudumu fulani dogo
na linaweza kutolewa kwa koleo.
Bunduki akaipaka mafuta, akaifunga
kwa shuka langu la harusi, akaipandisha juu ya kabati.
Hakuliomba. Sikulidai.

Sasa macho yake yamekuwa maziwa.
Asubuhi namketisha mlangoni, naanika.
"Unatoka wapi?"
"Namba saba, unapanda."
Anatikisa kichwa, anaridhika, anadai chai.

Siku nyingine hakuna upepo kabisa.
Nguo zimening'inia kama watoto waliogombezwa.
Anauliza hata hivyo.
Namwambia: namba tisa, hafifu.
Anainua kidole gumba, anafumba jicho lisiloona,
anakisogeza kushoto, kidogo, kidogo tena,
halafu anakishusha.

"Na pindo la chini?"